Jini Aliyeomba Kisu

Nyumba ya Marijani, huko Mbagala, ilianza kunuka spiriti ya hospitali saa saba mchana, wali wa nazi ukiwa jikoni. Ingenuka udi wangeelewa. Majini wa Pwani wana adabu zao.

Bombani, binti yake Najma alikuwa ananawa mikono tangu alfajiri. Mwezi wa tatu huo: ananawa, anahesabu, ananawa tena, ngozi imechubuka, analia na hawezi kuacha.

"Hilo la ubongo," Marijani alimwambia mkewe, Nusaiba. Alipika melini miaka ishirini, na kwa kuwa alikatakata vitunguu bandari thelathini, alijiona bingwa wa kila kinachokatwa. "Ulaya wanafungua kichwa, wanatoa kipande, wanashona. Siku ya tatu mtu anacheza karata."

"Uliona?"

"Nilisikia."

"Kwa wapishi wenzio!"

Kliniki walikompeleka Najma, daktari wa magonjwa ya akili alimvumilia Marijani kuliko alivyostahili. "Mzee, ule ukataji wa zamani uliachwa. Uliwaacha watu kama magunia. Upasuaji bado upo, ila nadra mno, nchi chache, kwa walioshindwa na kila tiba. Huyu hata kidonge cha kwanza hajameza."

Vidonge! Marijani alivitumbukiza mfukoni kama maganda ya karanga, akaanza kupigia simu mabaharia wa zamani, atafutiwe hospitali ya kukata.

Jumamosi Nusaiba akamleta shangazi yake, Bi Mwajabu, mganga. Marijani akasimama mlangoni, kabetua mdomo. Bibi akamfunika Najma shuka nyekundu, akapanga halua na marashi, akauliza kwa heshima kama majini wote wanavyoulizwa: "Karibu, bwana. Unataka nini, tukupe, uondoke?"

Hapo harufu ya spiriti ikapanda toka chini ya shuka, ikaufunika udi, ikaingia machoni, na ndani ya shuka ikatoka sauti ya mwanamume mzima, iliyochoka, yenye dharau, ikisema taratibu kama mtu anayeagiza chai:

"Ondoeni takataka hizi. Nataka kisu."

"Kisu cha nini, bwana?" Bibi alinong'ona.

"Kile anachokitafuta huyo mpishi mpumbavu. Nilikaa kwa baharia mmoja, wakamkata hapa na hapa." Vidole vya Najma viligusa paji mara mbili. "Aliyetoka ni yeye. Mie nikabaki na nyumba nzima. We Marijani, ile hadithi ya karata unadhani nani alikunong'oneza?"

Marijani alijipapasa mfukoni, akatoa vidonge.

"Mpe," Bi Mwajabu alisema. "Na halua ale, ana njaa mtoto."

Mpaka wiki ya nane, kwa vidonge na safari za kliniki, mikono ya Najma ilikuwa imepona. Harufu ikatoweka. Marijani akarudia kutamba barazani, sasa akisifia vidonge utadhani alivitunga yeye.

Jioni moja Najma alimletea baba yake taulo bombani, akasita, akanusa.

"Baba, umetoka hospitali?"

"Sijavuka hata kizingiti leo, mwanangu."

"Mbona unanuka spiriti?"

Marijani aliendelea kusugua mikono. Alikuwa amefika arobaini na moja, na alijua akipoteza hesabu itabidi aanze upya.