Mwali Uliohama

Mwali wa mwanga ulivuka bonde tangu alfajiri, wala hapakuwa na jicho lililouona. Ulitoka dirishani kwa Zaituni Mkude, mtaa wa juu mjini Morogoro, ukapita juu ya mapaa ukaingia katika kidakamwali, kioo cheusi cha upana wa sahani kilichofungwa ukutani kwa kaka yake Kibwana, ng'ambo ya mto. Huko mwanga uligeuka umeme, na umeme ukaendesha pafumashine lililompulizia Kibwana pumzi. Watu waliuita mwalimeme. Wenye uwezo walifungiwa na kampuni. Zaituni, fundi wa cherehani, alijiundia wake kwa dayodi, vijitaa vya kutoa mwali, alizozing'oa kwenye mashine mbovu, na lenzi akaibandika kwa gundi ya kuyeyusha.

Asubuhi hiyo ya Ijumaa, kama Ijumaa zote, aliweka chetezo cha udi chini ya lenzi, akamwomba Mungu mwali usiyumbe. Kisha akarudi kushona.

Simu ikalia. Alikuwa Mwanjaa, mke wa Kibwana.

"Wifi, umelala? Mashine inapiga kelele huku!"

"Isije ikawa umeanika kanga zako mbele ya kioo tena."

"Kanga gani! Kaka yako anatweta, wewe unaleta utani? Betri inasema dakika kumi na mbili!"

Zaituni aliinuka, cherehani ikabaki na sindano ndani ya kitambaa. Lenzi ilikuwa imelala upande. Gundi ilikuwa inang'aa, laini kama uji mzito. Makaa ya udi, makaa yake mwenyewe, yaliiyeyusha.

Lenzi ikiegemea unene wa unywele hapa, mwali huhama hatua nyingi huko mbele. Na huu haukuzimika, ulihama tu. Uko wapi? Akainua simu, maana kamera huona mwanga ambao jicho halioni. Akatafuta ukutani, kwenye migomba, kwenye mabati. Doa jeupe lilikuwa barazani kwa jirani wa chini, Bi Semeni, aliyekaa na ungo wa mchele. Bibi aliinua kichwa kulitazama dirisha la Zaituni. Doa likamkaa machoni, na mwali wa nguvu ile huunguza jicho.

Zaituni akachomoa waya.

"Wifi, betri inakwenda tu!" Mwanjaa alilia simuni.

"Ngoja. Usiikate simu."

Akakwangua gundi kwa mkasi. Akang'oa springi ya cherehani, akaikandamiza juu ya lenzi, akaikaza kwa skrubu tatu, kitu ambacho alipaswa kukifanya tangu siku ya kwanza. Jasho lilimwingia machoni. Akampigia kelele Bi Semeni aingie ndani, akasubiri mpaka mlango ukafungwa, ndipo akawasha, mwanga kidogo kwanza.

"Kuna kitu?"

"Hakuna. Dakika mbili, wifi!"

Akageuza skrubu robo. Hakuna. Akairudisha, akageuza ya pili, midomo ikisoma dua isiyo na sauti.

"Imewaka! Alhamdulillahi, kifua kinapanda!"

Akaongeza mwanga wote, kisha akaketi sakafuni.

Hodi ikapigwa. Bi Semeni aliingia na ungo wake, mkono mmoja ukipapasa ukuta.

"Zaituni mwanangu, umenitia hofu na kelele zako. Hebu nichambulie mchele huu. Tangu punde hii, kila ninapotazama, katikati pana giza. Pembeni naona. Wewe nakuona mabega, uso sikuoni."

"Panauma, bibi?"

"Wala. Itakuwa usingizi tu."

Zaituni aliupokea ungo. Mkono wake mwingine ulinyooka hadi kwenye waya, ukaushika. Simu ilikuwa bado wazi, na ndani yake Kibwana alisikika akivuta pumzi, taratibu.

Akauachia waya.

"Kaa hapa nyuma yangu, bibi," alisema. "Usipite mbele ya dirisha. Nina neno la kukuambia juu ya macho yako, na ukishalisikia, uniambie wewe kama niuzime mwali huu."