Intaneti Iliyokatika Kila Saa Nane

Marehemu alikutwa amelala ubavu kati ya kitanda na kabati. Kidole gumba kilikuwa bado kimekandamiza kitufe cha dharura alichofungwa kwenye mkono wa pili.

Daktari wa polisi alisema ni moyo. Kitufe nacho kilitoa ushahidi wake: kilibonyezwa mara tatu, kuanzia saa nane na dakika kumi na saba mchana. Kila mara kilitakiwa kuita gari la wagonjwa na kumwarifu binti yake, muuguzi. Hakuna ujumbe uliofika. Intaneti ya nyumba ilikuwa imekatika, kama ilivyokuwa ikikatika mwezi mzima.

Binti hakusubiri hata mazishi. Jioni hiyohiyo alimfungulia kesi fundi wa intaneti: uzembe uliosababisha kifo. Siku iliyofuata, saa tano, fundi angesimama mbele ya hakimu. Inspekta alipomfuata mahabusu saa moja asubuhi, alimkuta amejikunyata kwenye benchi, miguu mitupu.

"Uliitwa nyumba ile mara ngapi?"

"Nne, afande."

"Na zote nne ukashindwa?"

"Naitwa jioni, nafika asubuhi. Nikifika, intaneti inakimbia kama swala! Nimepima toka nguzoni hadi ukutani. Ruta nilibadilisha mara ile ya kwanza. Ijumaa nikabadilisha na waya unaotoka ukutani kuingia kwenye ruta, mpya kabisa." Alisugua nyayo sakafuni. "Afande, kwenye kupokea simu mimi ni mzembe, nakubali. Kwenye waya, hapana."

Inspekta alimwamini, lakini hakimu asingemwachia mtu kwa sababu hiyo tu.

Saa mbili na nusu alikuwa kwenye ukumbi wa nyumba ya marehemu pamoja na koplo wake. Ruta ilikaa kwenye rafu. Juu yake, ukutani, kamera ndogo iliwatazama.

"Taa zote hizi," koplo alinong'ona, akiunganisha kompyuta. "Gari letu la doria halina hata mbili zinazowaka."

"Nisomee kumbukumbu zake."

"Umeme haukukatika. Laini ya nje ni nzima." Koplo akasogeza uso karibu na kioo. "Waya umechomolewa, afande. Jana, saa nane na dakika nne. Ukarudishwa saa tisa kasoro kumi. Juzi, saa nane na dakika mbili. Kila siku. Isipokuwa Jumapili."

"Jumapili zote?"

"Zote nne."

Inspekta aliutazama waya. Hitilafu haina siku ya mapumziko.

Alivaa glavu, akauchomoa. Kikucha cha plastiki kwenye ncha yake kilikuwa na siku tano tu, lakini kilishapauka kwa kukunjwa. Akakipaka unga wa uchunguzi. Zikajitokeza alama za vidole viwili, vidogo, vyembamba. Fundi alikuwa na vidole kama koleo.

"Jumapili nani huwa nyumbani?"

"Mimi," binti alijibu kutoka mlangoni. "Ndiyo siku yangu ya mapumziko. Siku nyingine ni baba na shangazi tu..."

Akakatisha, kana kwamba ndiyo kwanza amejisikia.

Shangazi, dada wa marehemu, alikuwa kwenye kiti cha pembeni akikunja mashuka ya kaka yake.

"Mama, jana saa nane ulikuwa wapi?" Inspekta alimuuliza.

"Bafuni, naoga."

"Na kabla ya kuoga?"

Mikono yake ikasimama.

"Mama, kuna vidole kwenye waya huu, na si vya fundi. Saa tano anasomewa mashtaka."

"Yule kijana mpole?" Shangazi alishtuka. "Kwani yeye kafanya nini?"

"Hajafanya kitu. Ndiyo maana nakuuliza wewe."

Shuka likaanguka mapajani.

"Basi mwachieni. Ni mimi."

"Shangazi!"

"Ni mimi, mwanangu. Kila siku, ukishamaliza kuniuliza kama baba amekula." Aliielekeza kamera kwa kidevu. "Hiyo inasema, kwa sauti yako. Nikikaa, 'Shangazi, dawa tayari?' Nikilia, 'Shangazi, una nini?' Nikitoka bafuni na taulo, inanitolea jicho. Nina miaka sitini na mitatu. Nilitaka saa moja tu nisitazamwe. Navua kitambaa, naoga, naimba. Kaka yangu alikuwa ananicheka kutoka chumbani, ati naimba kama mlango mbovu." Akafumba macho. "Jana hakucheka. Nikadhani amelala."

"Nilikuwa namwangalia baba!"

"Baba yako alikuwa chumbani, mwanangu. Kamera uliiweka ukumbini."



"Ulijua kitufe cha mkononi kinatumia intaneti hiyohiyo?" Inspekta aliuliza taratibu.

"Nilidhani kina yake, kama simu. Ningejua, ningeugusa waya?"

"Nani alikueleza kinavyofanya kazi?"

Shangazi alimtazama binti wa kaka yake, bila lawama yoyote, kama anayengoja kuambiwa cha kufanya.

Inspekta akamgeukia koplo. "Piga simu kituoni. Waambie fundi asipelekwe kokote." Kisha, kwa sauti ya chini: "Mama, utafuatana nasi. Nitaandika ulivyosema, neno kwa neno. Mwendesha mashtaka ndiye atakayeamua."

"Andika na yangu," alisema binti. Alikuwa amekaa sakafuni, mgongo ukutani, chini kabisa ya kamera.

"Yapi?"

"Kwamba kamera na kitufe, vyote nilivifunga mimi, siku moja, nikiwa na haraka. Sikumweleza. Nilimwambia tu asiguse."