Sikio la Kushoto

Sikudhani Mhina alivuta pumzi, na upanga ukachomolewa.

Ndivyo kitungasinema kilivyofanya kazi. Mtu aliingia peke yake katika kijumba chembamba, akajifunga kisomamoyo kwenye kifundo cha mkono, na mashine ikaanza kumtungia filamu papo hapo. Moyo ukipoa, ililetwa hatari. Moyo ukienda mbio kupita kiasi, mvua ilinyesha na watu wakaketi kunywa chai. Mwandishi hakuwepo, wala mwigizaji, wala mwongozaji. Ulikuwepo wewe na mapigo yako, na filamu iliyotoka hapo hakuna binadamu mwingine aliyewahi kuiona.

Upanga ule ulikuwa wa mia tatu na ngapi sijui tangu Januari iliyopita. Sikudhani alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na tisa, fundi wa vijumba thelathini vya Jumba la Filamu la Ngamiani, Tanga. Alipenda mapigano na mashine ilimjua, kwa hiyo ilimpa mapigano asubuhi na mapigano jioni. Alitoka kijumbani amenuna. Kesho yake ilikuwa Siku ya Kumi, na hakuwa na filamu hata moja ya kumpiku shoga yake Mwajabu.

Siku ya Kumi ilikuwa Jumamosi ya kwanza ya Januari. Wapenzi wa filamu walikusanyika ukumbini, kila mmoja akasimama kusoma filamu zake kumi bora za mwaka uliopita, kuanzia ya kumi hadi ya kwanza. Desturi hiyo ilibaki tangu zama ambazo watu walitazama filamu moja kwa pamoja na kugombana juu yake mpaka chai ikapoa. Siku hizi ungegombania nini, na filamu ya mwenzako hujaiona? Watu walisikiliza tu, wakapiga vigelegele. Aliyepigiwa virefu zaidi alipewa kiti cha mbao ya mkangazi, kilichookolewa kutoka jumba la sinema la zamani lililobomolewa, akae nacho sebuleni kwake mwaka mzima.

Kiti hicho kilikaa kwa Sikudhani miaka mitano mfululizo. Mwaka wa sita kikaenda kwa Mwajabu Shekue, mshonaji, rafiki yake tangu wakiwa wasichana wa Duga. Sikudhani alisaidia kukibeba hadi mlangoni, akacheka, akasema hongera shoga yangu. Aliporudi kwake alitandika mkeka pale mahali, asione alama za miguu ya kiti sakafuni. Wivu ni kidonda, wahenga walisema, na yeye cha kwake alikuwa anakifunika kwa mkeka.

Safari hii alisoma orodha yake kwa sauti ya kujiamini. Namba kumi, kisasi. Namba tisa, kisasi juu ya farasi. Alipofika namba nne, mtu mmoja wa nyuma akauliza, "Fundi, mwaka mzima hakuna aliyekufa kwa homa tu?" Ukumbi ukaangua kicheko. Sikudhani naye akacheka, lakini masikio yalikuwa yamemwaka moto.

Kisha akasimama Mwajabu, mdogo wa umbo, miwani imening'inia kifuani. Alisoma tisa za kwanza taratibu: mzee aliyefuga nyuki ndani ya redio mbovu, bibi harusi aliyeshona shela yake kwa nyuzi za mkonge, na nyingine za namna hiyo. Alipofika ya kwanza akaikunja karatasi.

"Namba moja inaitwa Sikio la Kushoto," alisema. "Nimeitazama mara kumi na moja. Hii siwasimulii."

Akaligusa sikio lake, akaketi. Vigelegele vikapanda mpaka roboti la kufagia likasimama na kuuliza kama kuna dharura.

Sikudhani alipiga vigelegele kuliko wote, mpaka koo likamkwaruza. Ndani alikuwa anatafunwa. Kiti akichukue, akikalie mpaka kioze. Kilichomchoma ni lile neno, siwasimulii. Tangu lini Mwajabu ana jambo ambalo Sikudhani hasimuliwi? Yeye ndiye aliyejua siku ile ndoa ya Mwajabu ilipovunjika, kabla hata mama mzazi hajajua. Leo ana filamu aliyoitazama mara kumi na moja, na yeye Sikudhani analisikia jina lake pamoja na watu baki wa barabara ya kumi na tano.

Jumatatu saa nne asubuhi Mwajabu alifika kwenye meza ya fundi, kisomamoyo kimekatika kamba.

"Nitengenezee hiki, shoga. Nitakipitia saa nane. Leo nataka kuitazama tena ile yangu."

"Hiyo yako ina nini hasa?" Sikudhani aliuliza, macho kwenye bisibisi.

"Ina mtu."

"Mtu gani?"

"Mtu ninayempenda."

"Mwanamume?"

Mwajabu alicheka mpaka akavua miwani. "Kwa umri huu? Acha, bwana. Nikikuambia utanicheka."

Akaondoka zake. Kamba ile ilihitaji pini moja na dakika mbili. Sikudhani aliitengeneza, kisha akabaki amekishika kile kifaa mkononi, na shetani hakuwa mbali.

Hakuna aliyeijua hatari kuliko yeye. Filamu ilihifadhiwa ikiwa mbegu, na mbegu ilikua upya kila mwenyewe alipoitazama, ikifuata mapigo yake. Ikisoma moyo wa mgeni, ilijitunga upya kwa moyo huo, na ile ya kwanza haikurudi tena. Onyo hilo lilibandikwa kwenye kila mlango, na aliyeyabandika yote thelathini ni Sikudhani kwa mkono wake. Lakini pia alijua kwamba kisomamoyo hukumbuka mapigo ya mwenyewe ya siku thelathini, na fundi mwenye ufunguo anaweza kuiamuru mashine isome yale yaliyohifadhiwa badala ya yale ya mkono uliokivaa. Hila hiyo hushika, mradi moyo wa aliyekivaa utulie. Ukipiga kwa nguvu, unapenya.

"Nitatulia," alijiambia. Akaingia kijumba namba saba, akafunga mlango, akakivaa kile kisomamoyo na kuita mbegu ya Sikio la Kushoto.

Lilikuwa banda la video la zamani, giza na joto, benchi la mbao. Filamu ilitazamwa kwa macho ya msichana wa miaka kumi na mitatu, na msichana huyo bila shaka alikuwa Mwajabu, kwa sababu mikono ilikuwa na alama za sindano ya kushonea. Mbele, kwenye televisheni, jenerali mmoja alikuwa juu ya farasi akifoka kwa Kichina.

"Anasemaje huyo?" Mwajabu mdogo aliuliza.

Mtu aliyeketi kushotoni mwake akainama. Uso haukuonekana gizani. Pumzi ilisikika kwanza, halafu mnong'ono wa msichana, uliojaa uhakika.

"Anasema mama yake kampikia dagaa, lakini hali kitu mpaka dada yake akombolewe."

"Halafu?"

"Halafu tulia, anaendelea."

Hakukuwa na zaidi. Jenerali alifoka, sauti ile ikatafsiri, Mwajabu akauliza halafu. Lakini pembeni mwa kioo, mahali mafundi peke yao wanapopajua, ulikuwa mstari wa mapigo ya Mwajabu, na Sikudhani katika miaka yake yote ya ufundi hakuwahi kuona mstari uliotulia namna ile. Hivyo ndivyo moyo unavyopiga ukiwa hauhitaji kitu kingine.

Nani huyu? Dakika ya kumi na mbili wivu ukampanda mpaka kooni. Msichana gani huyu aliyepewa raha yote hii, na mimi nilikuwa wapi? Alimchukia, tena kwa moyo wake wote, na moyo ukapiga.

Mashine ikausikia. Banda likapanuka. Msichana wa kushoto akarefuka, akawa mrembo, akainuka, akamshika Mwajabu mkono, wakatoka pamoja wakicheka. Mlango ukafungwa kwa nje. Filamu sasa ilitazamwa kutoka kwenye benchi, na macho yaliyobaki pale, peke yake, yalikuwa ya Sikudhani.

Chini ya benchi, msichana yule alikuwa ameacha ndala moja, ya kijani, kikanda kimefungwa kwa waya wa shaba.

Sikudhani aliufunga waya ule mwenyewe, akiwa na miaka kumi na mitatu, kwenye ndala yake mwenyewe.

Nani anaijua sauti yake akiisikia kutoka nje? Yote yakamrudia. Mtafsiri wa banda la Duga alihamia Korogwe, filamu zikabaki na lugha zake, na Sikudhani akajidai anajua Kichina kwa kuwa mjomba wake alifanya kazi na Wachina wa barabara. Alidanganya misimu miwili mizima. Kwake ulikuwa mchezo, na mchezo wenyewe alikuwa ameusahau.

Alichomoa kisomamoyo. Alijaribu kurudisha mbegu, mara moja, mara tano. Kila mara lilirudi benchi lile na mlango uliofungwa.

Mwajabu alimkuta hapohapo saa nane. Alikitazama kisomamoyo mkononi mwa mwenzake, akakitazama kioo, akaelewa. Hakupaza sauti.

"Imebaki kiasi gani?"

"Haikubaki." Sikudhani aliinamisha kichwa. "Nilikuonea wivu. Nilidhani una mtu. Kumbe mtu mwenyewe ni mimi."

"Si wewe," Mwajabu alisema. "Yule alikuwa ananinong'oneza. Wewe tangu vijumba hivi vije, huu mwaka wa nane, hujakaa nami benchi moja. Tunakutana kusomeana orodha."

"Mbona hukuniambia?"

"Nikuambie nini? Kwamba nina hamu nawe, na unakaa nyumba ya pili?"

Sikudhani alitafuta neno la kushika, akapata moja tu. "Ulijua kwamba Kichina sikijui?"

"Siku ya kwanza. Mtu anasema maneno mawili, wewe unatafsiri dakika nzima."

Mwajabu alibaki amesimama mlangoni. Sikudhani alimngoja aondoke. Badala yake akaingia.

"Sogea."

Kijumba hakikutengenezwa kwa watu wawili. Goti lilikuwa juu ya goti, kiwiko ubavuni. Kila mmoja akajifunga kisomamoyo chake. Kioo kikawa cheupe, na mashine ikasema kwa upole wake uleule, "Mioyo miwili imesomwa. Filamu haiwezi kutungwa. Tafadhali mmoja wenu atoke."

Hakuna aliyetoka.

"Sijakusamehe," Mwajabu alisema, macho mbele.

"Najua."

Mashine ikarudia tangazo lake. Mwajabu akafuta miwani kwa upindo wa kanga, akaivaa, akalaza kichwa kidogo upande wa kulia.

"Anasemaje huyo?"

Sikudhani aliinama. Akalisogelea sikio la kushoto.

"Anasema," alinong'ona, "amemuua farasi wake mwenyewe, akidhani ni wa adui."

Kioo kilibaki cheupe.

"Halafu?"