Sahihi ya Pili

Saa moja kasoro asubuhi, dirisha la stoo ya vifaa lilikuwa na kelele kuliko stendi ya mabasi ya Germiston. Wanafunzi arobaini wa uhandisi wa ndege walisukumana, kila mmoja ameinua kisahani chake cha shaba chenye namba, maana katika karakana ile hupewi hata bisibisi bila kuacha kisahani chako kinaning'inia mahali pake. Keneilwe Mokgatle alikuwa amefika mbele kwa taabu, kisahani chake kimeshatundikwa, pale mkono mrefu ulipopita juu ya bega lake na kunyakua spana namba kumi, ya mwisho.

"We kaka! Hiyo yangu!"

"Jina lako limeandikwa wapi, dada?"

"Kisahani changu ndicho kile pale. Ukiipoteza, nafungiwa mimi humu mpaka Jumapili."

Mwenye mkono akacheka. Alikuwa mrefu, ovaroli yake ya buluu imepigwa pasi mpaka ina mistari, jambo ambalo Keneilwe hakuwahi kuliona kwa mwanamume yeyote wa karakana. "Basi tufungiwe wote. Naitwa Lwandile. Najua kupika."

Spana ilirudi saa nne, imefutwa vizuri, imefungwa kwenye karatasi pamoja na magwinya mawili ya moto, yale maandazi ya kukaangwa. Mafuta yalikuwa yamelowesha karatasi yote. Keneilwe alimtukana kwa kuchafua spana, akayala yote mawili hapohapo. Ndivyo mapenzi yao yalivyoanza, na asikudanganye mtu kwamba mapenzi yanahitaji maua.

Miaka miwili ilipita. Darasa lao lilikuwa limefika mwaka wa mwisho, na mtihani wao haukuwa wa karatasi: ilikuwa ndege yenyewe, ya viti viwili, waliyoijenga kwa mikono yao tangu ubavu wa kwanza wa bawa. Injini ikiwaka na kutulia, wana shahada. Huko kwao Mahikeng, mama yake Keneilwe alikuwa ameshawatangazia wanawake wote wa kanisa lake kwamba binti yake anatengeneza ndege, na kila jioni simu ilikuwa na habari mpya za nani kashangaa na nani kanuna. Lwandile naye alipiga mara tu mama alipokata.

"Umekula, laazizi?"

"Nimekula mkate."

"Mkate si chakula. Mke wangu hatakonda hivyo."

"Mke wako yupi? Mimi bado sijaona wazee wa kwenu wakibisha hodi."

"Ngoja shahada. Nikipata shahada hata babu atafufuka aje kubisha."

Keneilwe alicheka kila mara, na kila mara moyo ulimdunda.

Katika karakana ile kila kazi ilikuwa na sahihi mbili. Anayefunga bolti anatia ya kwanza. Mwenzake anakuja na tochi, anaangalia kwa macho yake, anagusa kwa vidole vyake, ndipo anatia ya pili. Mkuu wa karakana, Bwana Labuschagne, aliwaambia siku ya kwanza na kila wiki baada ya hapo: kosa la mkono linarekebishwa, mtu anafungua na kufunga upya, lakini anayetia sahihi bila kuangalia, au anayeandika sahihi ya mwenzake, anaondoka siku hiyohiyo.

Ijumaa moja mchana Lwandile alikuwa amelala chini ya pua ya ndege, anafunga waya unaozuia bolti za propela zisilegee. Keneilwe akaingia. Hakuwa wa ovaroli siku hiyo. Dada yake alikuwa anaolewa kesho yake, na alivaa gauni jipya la shweshwe la buluu, limembana kiunoni, kilemba cha kitambaa hichohicho kichwani. Nje, binamu yake alikuwa anapiga honi.

"Mama yangu!" Lwandile alisema, akitoka chini. "Kumbe kuna mtu ndani ya ovaroli ile."

"Usinisogelee! Una grisi mpaka masikioni."

"Nikagulie basi uende. Nimemaliza."

Keneilwe alitazama sakafu yenye mafuta, akatazama gauni lake. Honi ikalia tena. "Umefunga vizuri?"

"Kwani nimeanza leo?"

Akachukua kalamu, akatia sahihi ya pili, akambusu kwenye kipande kidogo cha shavu kilichokuwa safi, akatoka mbio. Hakuinama. Hakugusa tochi.

Jumatatu, kabla ya kuwasha injini, Bwana Labuschagne alipitisha tochi yake mwenyewe. Waya ule unatakiwa uvute bolti upande wa kukaza. Kwenye bolti mbili Lwandile alikuwa ameuzungusha kinyume, kwa hiyo ulikuwa unazivuta zilegee. Kila mwanafunzi hufanya kosa hilo siku moja, hasa akiwa anafunga huku amelala chali. Kwake adhabu ilikuwa kufunga upya, basi. Lakini mkuu alifungua daftari la kazi, akasoma sahihi ya pili, akawaita wote wawili ofisini.

Keneilwe aliingia. Kabla hajafungua mdomo, Lwandile alisema, "Hii nimeiandika mimi. Yeye alikuwa ameshaondoka, anawahi harusi. Nilitaka kumaliza kazi."

Bwana Labuschagne alivua miwani. Alikuwa mzee asiyependa kufukuza watu. "Keneilwe, hii ni sahihi yako? Fikiri kwanza."

"Si yangu," alisema Keneilwe.

Neno lilitoka upesi hata yeye mwenyewe lilimshtua. Alimtazama Lwandile, na Lwandile alikuwa ameshageuza uso kuelekea dirishani.

Kufikia saa sita Lwandile alikuwa amefukuzwa, amekabidhi visahani vyake vyote. Keneilwe alipiga simu jioni ile, ikaita mpaka ikakata. Alipiga kesho yake, na keshokutwa, akaandika ujumbe mrefu, akaufuta, akatuma "Samahani" peke yake. Wiki tatu hakujibiwa. Injini iliwaka, ikatulia, wenzake wakapiga vigelegele, mama Mahikeng akalia kwa furaha kwenye simu. Keneilwe alijifungia chooni na ovaroli yake, akalia kama aliyefiwa.

Wiki iliyofuata alikwenda mtaa wa Katlehong kumtafuta, mchana wa jua kali, amevaa lile gauni la shweshwe kwa sababu Lwandile aliwahi kulisifu. Alimkuta uani kwa mjomba wake, anatengeneza mashine ya kufulia. Fulana yake haikuwa imepigwa pasi.

"Umependeza," alisema, bila kusimama.

"Lwandile, niadhibu. Nitukane. Usikae kimya."

"Nikutukane kwa nini? Nilikuokoa kwa hiari yangu. Ningeulizwa leo ningesema vilevile."

"Basi mbona hupokei simu yangu?"

Aliweka spana chini, akapangusa mikono polepole. "Kwa sababu nilitaka uukatae uongo wangu, Keni. Nisingekuacha ukubali kosa, ningebisha mpaka mwisho. Lakini nilitaka usikike ukisema sahihi ni yako. Mzee alikupa nafasi, akakwambia fikiri. Hukufikiri hata kidogo."

Machozi yalimtoka Keneilwe hapohapo. Akamshika mkono ule wenye grisi, asijali gauni. "Nakupenda, wallahi nakupenda. Twende sasa hivi. Twende kwa mzee, nitamwambia yote, anifukuze mimi, wewe urudi. Inuka twende!"

Lwandile alimtazama usoni. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililomuumiza Keneilwe zaidi.

"Leo Jumamosi, mpenzi," alisema taratibu. "Unajua ofisi imefungwa."

Akautoa mkono wake, akarudi kwenye mashine.

Jumatatu ofisi ilifunguliwa saa mbili. Mlango ulikuwa wazi, na Bwana Labuschagne alikuwa peke yake, anakunywa chai. Keneilwe alisimama pale nje mpaka mzee akainua kichwa.

"Kuna neno, binti?"

"Hapana, Bwana," alisema, akaenda kupima joho la mahafali.