Diski Iliyobaki Goweko

Mafundi wana midomo, lakini Xavery wa mtaa wa Ng'ambo alizidi. Kompyuta ikimshinda, atakuambia mbovu ni wewe mwenyewe. Ndiyo maana mzee Wenceslaus alipompigia simu kutoka Goweko, kwamba droo ya diski ya kompyuta yake imegoma, Xavery alipanda pikipiki bila kumuuliza mtu mzee huyo ni nani. Angeuliza, angeambiwa. Ekari nane za tumbaku, kila mwaka zinavunwa, na kibarua hata mmoja hajawahi kuonekana shambani.

Alifika jua linazama. Njiani alipishana na watu wanatoka kuzika, wanawake wamejifunga khanga viunoni.

"Shikamoo, mzee."

Mzee hakuitikia. Alinyoosha kidole tu, ndani.

Chumba kilinuka tumbaku mbichi. Mwezi wa nane, mashamba makavu, tumbaku mbichi inatoka wapi? Xavery aliona, akapuuza. Alikuja kwa kompyuta, hakuja kunusa nyumba za watu.

"Imeacha lini kufanya kazi?"

"Jumapili. Wakati wa misa."

"Uliiangusha? Iliingia maji?"

"Tengeneza."

Haya. Xavery alisonya kimoyomoyo, akaanza. Alichomoa waya uliotoka kwenye betri za sola, akaurudisha. Kimya. Akachukua pini, akaichomeka kwenye kile kitundu kidogo cha mbele, droo ikatoka shingo upande. Ndani mlikuwa na diski iliyokwaruzika hadi imekuwa nyeupe. Imeandikwa kwa kalamu: Harusi ya Sikuzani. Akaiweka kando, akafuta lenzi kwa pamba na spiriti. Pamba ikatoka nyeusi, inanata. Akainusa.

Utomvu wa tumbaku.

"Sasa tujue mgonjwa ni nani, mashine au diski," alisema, na sauti yake mwenyewe haikumpendeza. "Tunaweka diski nzima. Ikisoma, basi yako ndiyo imekufa."

"Weka," mzee alisema. Kwa mara ya kwanza alisogea karibu.

Kila fundi ana diski yake ya kujaribia. Ya Xavery, kwa ujinga wa mapenzi, ilikuwa Komunyo ya Kwanza ya binti yake. Akaiweka. Droo ikaingia, ikanguruma, picha ikaja safi kabisa. Msichana wa miaka tisa, gauni jeupe, mshumaa mkononi. Xavery akatabasamu kama bwege.

"Wako?" mzee aliuliza taratibu.

"Wangu. Wa pekee."

"Anaitwa nani?"

"Josepha."

"Na mama yake?"

"Suzana."

Ewe Xavery! Mtu mzima, umezaliwa Unyamwezi, umekua ukiwasikia bibi zako wakionya: jina la mtu na jina la mama yake hayaachwi pamoja mikononi mwa mgeni. Mganga akitaka kukutibu anaanza na hayo mawili. Na anayetaka kukumaliza anaanza na hayo hayo. Alijisikia akiyatamka, akafumba mdomo. Umechelewa, baba.

Mzee aliinama, akayarudia majina yote mawili polepole, midomo yake karibu na droo.

Kwenye kioo, watoto wengine walisogea altareni. Josepha akabaki. Kanisa likafifia... Nyuma yake yakaja majani mapana, mstari kwa mstari, na watu wameinama, migongo tu. Mtoto aliweka mshumaa chini.

Akainama.

Akachuma jani.

Xavery aliruka, akachomoa waya wa umeme. Droo ikanyamaza.

Simu yake ikaita.

Alikuwa mkewe, na alikuwa anapiga yowe. "Rudi! Josepha ameanguka! Hapumui, Xavery! Mtoto hapumui!"

Waya ukamponyoka mara mbili kabla hajauchomeka tena. Droo ikanguruma. Kwenye simu akasikia kikohozi, kisha mwanawe akilia.

"Umeujua ugonjwa ulipo," mzee alinong'ona. "Sikuzani alichakaa, ndiyo leo wamemzika. Wako bado mpya."

Xavery alimkaba koo. Mzee hakupambana hata kidogo.

"Niue. Betri za sola atazichunga nani? Wewe?"

Vidole vikalegea vyenyewe. Alijaribu pini mara kumi, droo haikufunguka. Akaondoka na mkoba wake, diski ikabaki inazunguka.

Polisi? Angewaambia nini, jamani? Padri aliomba, mama wa jirani wa kanisa la Moravian akaomba, kila mtu akaomba. Lakini kila asubuhi Josepha aliamka na viganja vyeusi vinavyonata, hata ndimu na mchanga havikuvitakatisha vizuri. Shuleni analala juu ya dawati. Amekonda, mabega yametokeza.

Na fundi anajua kile ambacho mama hajui: lenzi isiyosafishwa hufa. Basi kila Jumamosi mchana Xavery huenda Goweko. Huzima, hufungua kifuniko, hufuta, huwasha. Siku hizi anatumia nusu dakika. Nusu dakika hiyo Suzana, kule nyumbani, ameshika simu kwa mkono mmoja na mwingine kifuani kwa mtoto.

"Amerudi," husema. Kisha hukata. Hajamwita mumewe kwa jina tangu mwaka jana, na chakula humwekea mlangoni. Anamchukia waziwazi, na Xavery anaona ana haki.

Mzee naye hamsalimii. Humfungulia mlango, humwonyesha kidole.

Ijumaa hii iliyopita, baada ya chakula cha jioni, Xavery alikuwa akikunja pamba sebuleni. Josepha akaja akakaa sakafuni karibu naye. Hakuna aliyewahi kumwambia mtoto habari za Goweko.

"Baba, kesho unakwenda tena kule kwenye tumbaku?"

Xavery aliweka pamba chini. "Naenda, mama. Naenda kukusafishia njia upumue vizuri."

Josepha alivitazama viganja vyake, akavifuta kwenye sketi ya shule. Hakulia. Alisogeza mdomo hadi sikioni kwa baba yake, ili mama asisikie jikoni.

"Ukiizima kesho," alinong'ona, "usiiwashe tena."