Chupa ya Rafu ya Chini

"Usiiguse hiyo."

Kizibo alirudisha mkono. Alikuwa amepanda juu ya kigoda chumbani kwa Fundi, nyuma ya karakana, akitafuta glasi juu ya kabati. Badala ya glasi alikuta chupa ya mvinyo imeviringishwa kitambaa, imesimama karibu na dirisha, pale jua linapopiga tangu asubuhi.

"Mbona naijua hii? Mimi ndiye niliyekuuzia."

"Ndiyo maana nakwambia usiiguse."

Jina la Kizibo alipewa na shangazi yake aliyemlea, kwa sababu tangu utoto mdomo wake ulikuwa mgumu kufunguka. Lakini dukani, mteja akimuuliza habari ya chupa, maneno yalimtoka yenyewe. Na si zile za rafu ya juu zenye bei ya kutisha. Yeye alikuwa bingwa wa rafu ya chini, mvinyo wa bei nafuu, wa mtu aliyetoka kazini, akavua viatu, akataka glasi moja kabla ya chakula.

Miaka mitatu nyuma Fundi alikwenda kutengeneza rafu za duka lile. Aliondoka na chupa moja na namba ya simu ya muuzaji.

"Nilikwambia uinywe wiki ileile," Kizibo alisema.

"Ulisema niinywe na mtu. Mtu nilikuwa nimeshampata. Nikasema naiweka, tutaifungua siku ya harusi. Si mvinyo ukikaa unazidi kuwa mtamu?"

"Nani kakudanganya?"

"Kila mtu anajua."

"Inayokaa ni michache, na kuinunua mpaka uuze randa na misumeno yako yote. Huu umetengenezwa unywewe ukiwa mpya. Halafu ukauanika juani kama shati."

Simu ya Kizibo ikalia. Ujumbe wa shangazi: "Umemuuliza? Leo usinirudie na hadithi."

Kizibo alishuka kwenye kigoda na chupa mkononi.

"Fundi, Mama Chupa anataka jibu leo saa kumi."

"Jibu la nini?"

"La tawi jipya la duka lake, kule mji mwingine. Anataka nikalisimamie. Nilikueleza wiki iliyopita ukiwa unapima mlango wa mtu. Uliitikia 'sawa'."

Fundi aliweka penseli sikioni, akaitoa, akairudisha.

"Wewe unataka kwenda?"

"Sitaki. Lakini kama kazi yangu ni kungoja, hata kule nitangoja, tena kwa mshahara mzuri."

"Imebaki dari na madirisha tu, mpenzi. Nimalize nyumba, nikuoe kwa heshima."

"Mwaka wa kwanza ulisema meza. Meza ikaisha, ukasema kitanda. Kitanda kikaisha, ukasema paa. Paa lipo. Baada ya dari itakuja rangi."

Fundi aliinamisha kichwa, maana rangi alikuwa ameshaichagua.

Kizibo alitoa kifunguo cha chupa kwenye mkoba wake. Hakuwahi kutembea bila hicho.

"Usifungue. Nakuomba."

Kizibo cha chupa kilikuwa kimekauka, kikavunjikavunjika kama mkate wa juzi. Alimimina kidogo kwenye kikombe cha chai. Rangi ilikuwa imegeuka kuwa ya kutu.

"Onja."

Fundi alionja. Machozi yalimlengalenga, lakini alimeza, kwa adabu.

"Ni mkali kidogo."

"Ni siki."

"Labda ulikuwa mbaya tangu mwanzo."

"Ulikuwa mzuri. Wiki ileile mimi na shangazi tulikunywa chupa nyingine ya katoni hiyohiyo, tukichambua maharage. Ulikuwa laini, una harufu ya zambarau. Ungeupenda sana."

Fundi alikizungusha kikombe.

"Sasa tutaufanyia nini?"

"Siki husafisha madirisha."

"Madirisha bado."

"Najua," alisema Kizibo, akachukua mkoba wake, akatoka.

Saa kumi kasoro dakika tano Mama Chupa, mwenye duka, alikuwa kaunta, simu mkononi.

"Nampigia yule mwenye chumba cha kule. Nimwambie unakuja au huji? Sema, mwanangu. Leo usinizibie."

Kizibo alifungua mdomo. Kabla hajasema, mlango ulifunguliwa. Fundi aliingia, vumbi la mbao kichwani, ile chupa kwapani na kitambaa chake.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Rafu zangu ni nzima. Umefuata nini?"

"Nimerudisha chupa."

Mama Chupa aliinusa, akaisogeza mbali na pua.

"Uliinunua lini hii?"

"Miaka mitatu sasa."

"Imefunguliwa, imeharibika, tena kwa kosa lako. Haturudishi pesa."

"Sitaki pesa. Namtaka muuzaji anichagulie nyingine. Ya bei nafuu, ya kunywa leo."

Kizibo alifunga mikono kifuani, akatumia sauti yake ya dukani.

"Unakwenda kunywa na chakula gani?"

"Chochote atakachopika shangazi yako. Nimempigia simu. Nimemwambia jioni hii nakuja na mjomba wangu, tuzungumze."

"Shangazi kasemaje?"

"Kasema nimechelewa miaka miwili, na nije na viti vyangu, kwake havitoshi."

Kizibo aliinama haraka kama mtu aliyeangusha kitu. Hakuna kilichoanguka.

"Na dari?" aliuliza akiwa kulekule chini.

"Dari nitaipiga tukiwa ndani. Utanishikia mbao."

"Mbao sishiki."

"Basi ushike misumari. Kizibo, mimi nilidhani nakutunzia kitu. Kumbe nilikuwa nakichelewesha."

Mteja mmoja, mwenye chupa mbili mkononi, alikohoa.

"Dada, mkubalie basi. Wengine tunataka kulipa."

Kizibo aliinuka na chupa ya mvinyo mwekundu kutoka rafu ya chini.

"Huu. Unazungusha kifuniko tu. Uweke kwenye friji nusu saa, usizidishe. Na hauwekwi juu ya kabati." Kisha akamgeukia mwajiri wake. "Mama, nisamehe. Siendi."

"Nimesikia, mimi si kiziwi. Tawini nimpeleke nani sasa, paka?" Mama Chupa aliweka simu chini na kumtazama Fundi kuanzia kichwani hadi viatuni. "Rafu za kule utatengeneza wewe. Na bei utanipunguzia."

"Nitapunguza, Mama."

Fundi aliirudisha ile kuukuu kwapani, akaipokea mpya kwa mikono miwili. Akafika mlangoni, akageuka.

"Nichukue na nyingine, niiweke ya harusi?"

"Ya harusi," alisema Kizibo, "tutainunua siku ya harusi."

Wakaoana wiki saba baadaye. Dari bado haikuwepo. Madirisha yalikuwepo, na asubuhi ya harusi shangazi mtu alikutwa akiyasugua kwa kile kitambaa cha chupa, pembeni yake ile chupa ya miaka mitatu, imebaki robo.