Vipimo Arobaini vya Gauthier

Soko la Kashikishi lilikuwa limefurika watu, na vidagaa vya chisense vilimeta juani. Brigitte, aliyejifunga kitenge cha manjano, aliweka jiwe la kilo kwenye mizani ili wateja waone haidanganyi. Kijana mwenye buti zilizojaa vumbi akasimama.

"Dada, unafanya kazi yangu!"

"Kwani weye unauzisha samaki?"

"Miye napima umri wa mawe. Mashine yetu inaweza kudanganya pia, basi kwanza tunaipa punje za jiwe lenye umri tunaoujua. Natafuta jiwe jipya la namna hiyo huku kwenye Ziwa Mweru."

"Ee! Mwenzako anaanzaka na 'habari yako', weye unaanza na mawe!"

Kijana huyo, Gauthier, alinunua kilo mbili za samaki asiojua kuwapika. Kwa wiki tatu yeye na Brigitte waliokota mawe ufukweni, wakicheka. Kisha Gauthier akayapeleka maabara Lusaka.

"Wiki mbili tu, chérie, mpenzi wangu. Majibu yakitoka nitakupigia."

Ikapita miezi mitatu. Kila Brigitte alipopiga, alijibiwa, "Bado napima." Akaacha kupiga.

"Anapenda jiwe," alisema mama yake mdogo, Rosalie. "Kesho tunavuka ziwa, tunarudi Kilwa kwetu Kongo, tukae kule kwa baba yako kabisa."

Brigitte akakubali, akakunja vitenge vyake.

Asubuhi, akiwa ameshaketi ndani ya boti, simu ikalia.

"Brigitte, nimeshuka basi sasa hivi hapa Kashikishi! Punje arobaini, zote umri mumoja! Jiwe ni zuri!"

"Basi uoe jiwe. Miye narudi Kilwa."

Gauthier akaanza kukimbia kuelekea bandarini. "Nilikuwa na neno la kukuambia. Sikutaka kulisema bila hakika. Kwetu kipimo kimoja hakitoshi."

"Mutu haiko jiwe, Gauthier! Jiwe linangojea miaka milioni. Miye miezi tatu imenimaliza. Kama uko na neno, kuja uliseme!"

Alifika bandarini anahema, shati limelowa jasho, akaingia majini na buti zake.

"Nataka kukuoa. Hili sikulipima, na naogopa sana."

Wanawake botini wakapiga vigelegele. Rosalie peke yake alikunja uso. "Boti haingoji, mutoto!"

Brigitte akashuka, maji yakamfika magotini.

"Mama, peleka mizigo. Uambie baba Jumamosi iko mutu anakuja kujitambulisha." Akamgeukia Gauthier. "Baba akikuuliza kama unanipenda?"

"Ndiyo."

"Haraka vile, bila kupima?" Akacheka, akamshika mkono.